Mzee hawezi kutoka kitandani: nani atachukua pesa zake za Inua Jamii?

Kila tunapozungumzia Inua Jamii katika kipindi chetu cha asubuhi, simu huwa hazikomi. Wengi huuliza swali moja: pesa zimetoka au bado? Lakini kuna swali jingine ambalo huja kwa sauti ya chini, mara nyingi kutoka kwa mwanamke anayepiga akiwa nyumbani na mgonjwa. Anauliza: mzee wangu hawezi tena kutembea, nifanye nini nipate pesa zake?

Msikilizaji mmoja alitueleza yaliyomkuta. Mama mkwe wake ana zaidi ya miaka themanini. Kwa miaka mingi alikuwa akijiendea mwenyewe kwa ajenti wa benki pale sokoni, anachukua pesa zake, anarudi na sukari na sabuni. Kisha akapata kiharusi, upande mmoja wa mwili ukalala. Tangu hapo amepandishwa boda boda mara mbili, amefungwa leso kiunoni asianguke, akapelekwa kwa ajenti. Mara ya kwanza mashine ilikataa alama za vidole vyake. Mara ya pili stima ilikuwa imepotea. Mkaza mwana alipojaribu kwenda peke yake akiwa na kitambulisho cha mzee, aliambiwa jina lake halipo kwenye mfumo. Pesa ziko, mwenye pesa yuko hai, lakini pesa haziwezi kutoka.

Makala haya tumeyaandika kwa ajili ya nyumba kama hiyo. Tutaeleza serikali ya Kenya inampa nini mzee anayetunzwa nyumbani, haimpi nini, na jambo moja ambalo familia nyingi hulifanya wakati umeshapita. Tunaomba uyasome hata kama mzee wako bado anatembea vizuri. Kwa kweli, yakufae zaidi wewe ambaye mzee wako bado anatembea vizuri.

Inua Jamii inamlipa nani?

Inua Jamii ni jina la mpango wa serikali ya kitaifa wa kuwapa pesa watu walio katika hali ngumu. Ndani yake kuna makundi: wazee, watoto yatima na walio katika hatari, na watu wenye ulemavu mkubwa. Kwa jirani zetu wa kaskazini, kwenye kaunti kame, kuna pia mpango wa kukabiliana na njaa.

Pesa za wazee zilianza kama majaribio madogo katika sehemu chache za nchi kuanzia mwaka 2006. Wakati huo zilikuwa za wazee maskini wa kuanzia miaka 65, na ilibidi kijiji kikae chini kuamua nani ana shida kuliko mwenzake. Mwaka 2017 serikali ilifanya usajili wa aina nyingine: kila Mkenya aliyetimiza miaka 70 na ambaye hapokei pensheni aandikishwe, bila kupimwa umaskini. Malipo ya kundi hilo yalianza mwaka 2018.

Kiasi ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kuna wakati pesa hutolewa kwa pamoja baada ya miezi miwili au zaidi, ndiyo maana utasikia mzee amepokea shilingi 4,000 kwa mkupuo. Kwa mwaka mzima, zikitoka zote, ni shilingi 24,000.

Hapa tunarekebisha mambo mawili ambayo huwachanganya wasikilizaji wetu.

La kwanza, kutimiza miaka 70 hakukuingizi kwenye orodha moja kwa moja. Ni lazima uandikishwe, na usajili hufanywa kwa awamu. Wengi waliofikisha miaka 70 baada ya usajili ule wa 2017 walikaa miaka kadhaa wakingoja awamu nyingine. Kwa hivyo usimwambie mzee akae tu, pesa zitamfuata. Jina lake lifikishwe kwa naibu wa chifu, na uendelee kuulizia.

La pili, umri unaohesabiwa ni ule ulioandikwa kwenye kitambulisho cha taifa. Tunawajua wazee ambao kijiji kizima kinajua wana miaka 75, lakini kitambulisho kinasema 66, kwa sababu siku ile walipoandikishwa karani alikisia. Mfumo hausikilizi kijiji, unasoma kadi. Kama kitambulisho kina makosa, au kimefutika, au kimepotea, anza na hilo kabla ya jingine lolote. Pitia kwa chifu, kisha ofisi ya usajili wa watu.

Mzee akiwa mgonjwa, je, anaongezewa?

Swali hili tunaulizwa sana, na jibu lake si la kufurahisha. Hapana. Mzee wa miaka 70 anayelima shamba lake mwenyewe na mzee wa miaka 90 asiyeweza kujigeuza kitandani wote wanapata shilingi 2,000 zilezile. Hakuna nyongeza kwa sababu mzee anahitaji kuogeshwa, kulishwa au kubadilishwa nguo usiku.

Tufanye hesabu ya nyumbani. Shilingi 2,000 ukizigawa kwa siku thelathini unapata kama shilingi 66 kwa siku. Pakiti moja ya unga ya kilo mbili imepita shilingi mia. Bado hatujagusa sabuni, nepi za watu wazima, dawa za presha, wala nauli ya kwenda kliniki. Na kiasi hicho cha 2,000 kimekaa palepale kwa zaidi ya miaka kumi huku bei za vitu zikipanda.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi popote: muda wa anayemtunza. Mkaza mwana, binti au mjukuu anayekaa na mgonjwa haendi kibarua, hauzi mboga sokoni, halimi la mtu. Kwa macho ya watu "yuko nyumbani tu". Kumbe amefanya kazi kutoka alfajiri hadi usiku, na hakuna anayemlipa.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima, na ya kupata matunzo na msaada kutoka kwa familia yake na kutoka kwa serikali. Wote wawili wametajwa. Kwa sasa, katika nyumba nyingi, sehemu kubwa ya mzigo iko kwa familia. Tunalisema hili wazi ili usipoteze siku na nauli kutafuta nyongeza ambayo haipo, na badala yake ufuate njia ambazo zipo.

Njia ya pili: ulemavu mkubwa

Ndani ya Inua Jamii kuna pesa za watu wenye ulemavu mkubwa, zilizoanza kutolewa mwaka 2011. Hizi zinahusu mtu ambaye hawezi kujifanyia lolote, anahitaji mtu mwingine wa kumhudumia mchana na usiku. Mpango huu ndio unaokaribia zaidi kutambua kazi ya kutunza nyumbani, kwa sababu unaitazama nyumba nzima: mgonjwa pamoja na yule aliyefungika kwa ajili yake. Kiasi ni kilekile, shilingi 2,000 kwa mwezi.

Kwa nini tunaitaja kwenye makala ya wazee? Kwa sababu haina sharti la miaka 70. Mtu aliyepata kiharusi akiwa na miaka 62 na kulala moja kwa moja hawezi kuingia kwenye orodha ya wazee hadi miaka minane ipite. Lakini anaweza kuombewa nafasi kwenye orodha ya ulemavu mkubwa. Familia nyingi hazijui hilo. Zinamngojea mgonjwa atimize 70, na wengine hawafiki.

Nafasi za kundi hili ni chache na waombaji ni wengi, kwa hivyo kuomba si sawa na kupata. Pia usitarajie mtu mmoja alipwe mara mbili, kwa uzee na kwa ulemavu. Uliza ni orodha ipi inayomfaa mgonjwa wako.

Sambamba na hilo, mpeleke mgonjwa akapimwe ili asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Upimaji hufanywa na madaktari katika hospitali za serikali zilizoidhinishwa. Kadi ya baraza hilo inamfungulia mtu njia ya kuomba vifaa kama kiti cha magurudumu au fimbo nyeupe kutoka hazina ya watu wenye ulemavu. Kwa anayemtunza mzee, kiti cha magurudumu kinaweza kumwokoa mgongo wake mwenyewe.

Mlezi: jina linaloamua kila kitu

Sasa tufike kwenye jambo tulilolitaja mwanzoni.

Mpango wa Inua Jamii unamruhusu mzee kuwa na mlezi. Mlezi hapa si kila anayemtunza. Ni mtu mmoja aliyeandikwa rasmi, kwa jina na nambari ya kitambulisho, na kuchukuliwa alama za vidole, ili aweze kumchukulia mzee pesa pale mzee anaposhindwa. Kama jina lako halimo, haijalishi umemtunza miaka mingapi. Kwa ajenti wewe ni mtu wa kupita tu, na ajenti akikukatalia hajakosea. Sheria hiyo ndiyo inayomlinda mzee dhidi ya mtu yeyote anayeweza kuokota kadi yake.

Wazee wengi walipoandikishwa walikuwa na nguvu. Walipoulizwa mlezi ni nani, wengine walisema hawana haja. Wengine waliandika jina la mtoto aliyekuwa nyumbani siku ile, na mtoto huyo sasa yuko Mombasa, Nairobi au ng'ambo. Wengine waliandika jina la mke au mume, ambaye ameshatangulia mbele za haki. Miaka imepita, hakuna aliyekumbuka kubadilisha. Siku mzee anapolala kitandani ndipo familia inagundua kwamba mlezi aliyeandikwa hayuko.

Na hapo kazi inakuwa ngumu mara mbili. Kubadilisha mlezi kunahitaji mzee mwenyewe: kitambulisho chake, vidole vyake, na neno lake kwamba huyu ndiye ninayemtaka. Mzee aliyepata kiharusi huenda hawezi kusema. Mwenye ugonjwa wa kusahau huenda asimtambue hata binti yake mbele ya afisa. Jambo ambalo lingechukua asubuhi moja akiwa mzima linageuka kuwa safari za miezi.

Kwa hivyo ushauri wetu mkubwa katika makala haya ni huu: mwandikishe mlezi mzee akiwa bado anaweza kutembea na kusema. Kama tayari ana mlezi, hakikisha mlezi huyo yu hai, anaishi karibu, na ndiye mzee anayemtaka leo.

Mahali pa kwenda ni kwa afisa wa maendeleo ya jamii katika makao ya kaunti ndogo yako. Anza kwa chifu au naibu wake upate barua ya kuthibitisha kwamba mnajulikana. Nendeni wote wawili, mzee na mlezi, kila mmoja na kitambulisho chake halisi pamoja na nakala. Beba pia kadi ya benki ya mzee kama anayo. Usajili huu haulipiwi. Mtu akikuomba "kitu kidogo" ili jina liingie, huyo anakuibia, na una haki ya kumripoti.

Kama mzee tayari hawezi kutoka, usikate tamaa na usimbebe kwenye boda boda kwa nguvu. Nenda wewe kwanza kwa chifu, ueleze hali, uombe barua inayosema wazi kwamba mzee yu hai na hawezi kutembea. Ukipata pia karatasi ya hospitali inayoeleza ugonjwa wake, ongeza. Peleka hizo kwa afisa wa maendeleo ya jamii na umuulize mzee atafikiwaje nyumbani. Andika tarehe uliyokwenda na jina la ofisi uliyoingia. Ukirudi mara ya pili, unarudi na kumbukumbu, si maneno matupu.

Vidole vikikataa

Tatizo la mashine kukataa vidole ni la kweli, na si kosa la mzee. Mtu aliyeshika jembe, kukuna nazi au kuvunja kokoto kwa miaka hamsini, michoro ya vidole vyake husagika. Na mkono uliopooza huwa mgumu kunyooshwa kwenye kioo.

Kabla ya kwenda, mwoshe mikono kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kausha, paka mafuta kidogo sana na ufute. Mwambie ajenti ajaribu vidole tofauti, si kimoja tu. Ikishindikana kabisa kwa ajenti, nenda tawi la benki lenyewe, kwani tawi lina mamlaka ambayo ajenti hana. Na hapa tena, mlezi aliyeandikishwa ni msaada, kwa sababu vidole vyake mwenyewe viko kwenye mfumo.

Kuna pia uthibitisho wa uhai. Serikali hutaka kujua mara kwa mara kwamba anayelipwa yu hai, ili pesa zisiendelee kwenda kwa marehemu. Tangazo hutoka kwa machifu, kwenye baraza, na hata sisi hulisoma hewani. Mzee asipothibitishwa, malipo yake yanaweza kusimamishwa. Vilevile akaunti isiyoguswa kwa muda mrefu inaweza kufungiwa. Kwa hivyo yule mzee aliyelala ndani, ambaye hakuna aliyekwenda kumsemea, anaonekana kwenye mfumo sawa na mtu aliyefariki. Mgonjwa kuliko wote ndiye anayekuwa wa kwanza kukatwa. Ukisikia tangazo la uthibitisho na mzee wako hawezi kutoka, mwambie chifu siku hiyohiyo.

Kwa miaka mingi pesa hizi zimelipwa kupitia benki zilizopewa kandarasi na maajenti wao, na malipo kwa njia ya simu nayo yameanza kuingizwa. Kama mzee wako anahamishiwa kwenye simu, laini iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe. Nambari ya siri isikae kwa mwenye duka, wala kwa mjukuu anayecheza kamari ya simu. Na hakuna afisa wa kweli atakayekupigia akuulize nambari ya siri ili "akufungulie" Inua Jamii. Ukisikia hivyo, kata simu.

Pesa hizi ni za nani?

Kuna simu nyingine tunazozipokea ambazo ni za kusikitisha. Mlezi anachukua pesa, mzee hazioni. Au mzee anatunzwa na mkaza mwana, lakini mlezi aliyeandikwa ni mtoto wa kiume anayekuja siku ya malipo tu.

Tuseme bila kuzunguka: pesa ni za mzee. Mlezi ni mikono yake tu. Anazichukua na kuzitumia kwa mahitaji ya mzee, na mzee ana haki ya kuuliza zimekwenda wapi. Ana haki pia ya kumbadilisha mlezi asiyemwamini. Kama mzee ananyimwa, jirani, mzee wa kijiji au mhubiri anaweza kulipeleka jambo hilo kwa chifu au kwa afisa wa maendeleo ya jamii. Mpango una laini ya simu ya malalamiko isiyolipiwa, nambari 1533.

Familia inaweza kuzuia ugomvi huu kwa kikao cha nusu saa. Kaeni na mzee akiwepo. Aseme mwenyewe nani awe mlezi. Mkubaliane pesa zitanunua nini kwanza. Mlezi awe na daftari: tarehe, kiasi kilichotoka, kilichonunuliwa. Na wale watoto walio mbali wakumbuke kwamba shilingi 2,000 za serikali haziwaondolei wao wajibu. Anayemwosha mama yako kila siku anastahili kutumiwa kitu kutoka kwako pia, na kushukuriwa.

Mzee akifariki, toa taarifa kwa chifu na kwa benki mapema. Kuendelea kuchukua pesa za marehemu ni kosa la jinai, hata kama ulimtunza vizuri akiwa hai.

Matibabu: mzee anahitaji SHA yake mwenyewe

Tangu Oktoba 2024, bima ya afya ya zamani tuliyoijua kama NHIF ilipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Wengi wanadhani mzazi anaingia kwenye SHA ya mtoto wake. Sivyo. SHA yako inamhusu mwenzi wako na watoto wako. Mzazi wako ni lazima asajiliwe kwa jina lake mwenyewe. Unaweza kumsajili kwa simu yoyote, hata ya kubonyeza, kwa kupiga *147#, ukiwa na kitambulisho chake mkononi.

Akishasajiliwa, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya serikali hugharamiwa na hazina ya afya ya msingi, hata kama hajalipa mchango. Kupimwa presha, kutibiwa malaria na kusafishwa kidonda kunaingia hapa. Lakini akihitaji kulazwa katika hospitali kubwa, mchango wa mwaka uwe umelipwa. Kiasi cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na kila nyumba hupangiwa kiasi chake baada ya kujibu maswali kuhusu hali yake ya maisha. Jibu maswali hayo kwa ukweli wa nyumba ya mzee, si ya mtoto anayejibu akiwa mjini.

Usisahau pia wahudumu wa afya ya jamii, wale mnaowaita CHP. Mwaka 2023 serikali iliwapa vifaa wahudumu wapatao 100,000 kote nchini. Katika mkoba wao kuna mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Kazi yao ni kuzunguka nyumba kwa nyumba. Mjue anayehusika na kijiji chako, umwambie: kwangu kuna mzee hatoki, upitie. Safari moja ya kliniki inayookolewa ni nauli ya boda boda iliyobaki mfukoni.

Wenzetu wanafanyaje?

Huenda msikilizaji akauliza, je, nyongeza ya matunzo ni ndoto? Si ndoto. Afrika Kusini, mzee anayepokea ruzuku ya serikali na ambaye hawezi kuishi bila mtu wa kumhudumia muda wote, anaweza kuombewa pesa nyingine juu ya zile za uzee. Mwezi Aprili 2025 nyongeza hiyo ilikuwa randi 560 kwa mwezi. Haitolewi kwa mzee anayekaa kwenye makao yanayogharamiwa na serikali. Imewekwa mahususi kwa anayetunzwa nyumbani. Huko Mauritius nako, mzee mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kuhudumiwa kila wakati huongezewa posho ya matunzo juu ya pensheni yake.

Hata jirani zetu wa Zanzibar, walioanza kuwalipa wazee wote wa miaka 70 mwezi Aprili 2016, walianza na shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, na baadaye serikali ikapandisha hadi 50,000. Hiyo si nyongeza ya matunzo, lakini inaonyesha kwamba kiasi kinaweza kuguswa.

Kwa hivyo mwanasiasa akija kijijini kwenu, swali la kumuuliza lisiwe tu "pesa zitatoka lini". Muulize pia: mzee aliyelala kitandani atahesabiwa lini tofauti na mzee anayetembea?

Ufanye nini wiki hii?

Tumeyafupisha ili uyaandike kwenye karatasi au umtumie mwenzako kwa simu.

1. Toa kitambulisho cha mzee, usome tarehe ya kuzaliwa. Kama ina makosa, anza kurekebisha.

2. Kama ana miaka 70 au zaidi na hayumo kwenye orodha, mpeleke jina kwa naibu wa chifu na uulize awamu ya usajili.

3. Kama yumo, muulize mlezi wake aliyeandikwa ni nani. Kama hayupo au hafai, panga siku ya kwenda kwa afisa wa maendeleo ya jamii.

4. Kama hajafika 70 lakini hawezi kujihudumia, uliza kuhusu orodha ya ulemavu mkubwa, na umpeleke akapimwe.

5. Piga *147# umsajili SHA kwa jina lake.

6. Tafuta nambari ya simu ya mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako, uihifadhi.

Yule msikilizaji wetu alitupigia tena majuzi. Amepata barua ya chifu, amefika kwa afisa, na ameahidiwa kwamba nyumba itatembelewa. Bado anangoja, na bado anamgeuza mama mkwe wake kila baada ya saa chache asije akapata vidonda vya kulala. Alituambia kitu kimoja tukaona tukilete kwenu kama alivyokisema: miaka mitatu iliyopita walipita wote wawili mbele ya ofisi ile wakienda sokoni, mama akitembea kwa miguu yake, na hakuna aliyefikiria kuingia.

Kama mzee wako bado anatembea kwenda sokoni, safari ijayo ingieni.